Punje za alumina zinamiminika vizuri, lakini kipande kikichomwa kinabaki na vitundu. Kosa liko wapi?

Kalibu Ndogo aliuliza:

Wadau wa kauri, nawasalimu. Naomba mnifafanulie jambo ambalo limenigomea. Ninatengeneza visahani vya alumina (oksidi ya alumini) vya kipenyo cha milimita 20 kwa kushindilia poda kavu ndani ya kalibu ya chuma, kisha kuvichoma katika tanuri la umeme. Poda yenyewe ni safi, na chembe zake zina wastani wa nusu maikromita. Ikiwa haijatiwa kitu chochote haimiminiki hata kidogo: hukwama kwenye shingo ya faneli, hujaza kalibu upande mmoja na kuacha upande wa pili, na visahani hutoka vikiwa na unene usiolingana. Ndiyo maana niliamua kuigeuza kuwa punje.

Utaratibu wangu ni huu. Nachanganya poda na maji yaliyoyeyushiwa polivinili alkoholi, gundi ikiwa asilimia 2 ya uzito wa poda, nakoroga mpaka tope liwe laini, namimina kwenye trei na kuiacha ndani ya oveni yenye joto la nyuzi 110 usiku kucha. Asubuhi napata gamba gumu, ambalo nalitwanga kwenye kinu na kulichekecha, nikichukua punje zinazopita kwenye matundu ya maikromita 250 na kubaki juu ya matundu ya maikromita 75. Punje hizo zinamiminika bila shida. Naweka gramu 3 ndani ya kalibu, nashindilia kwa tani 3, na kipande kibichi, yaani ambacho bado hakijachomwa, kinakuwa na densiti ya gramu 2.15 kwa sentimita ya ujazo.

Nikichoma kwa nyuzi 1550 kwa saa 2, kipenyo kinasinyaa kutoka milimita 20 hadi 16.6, na densiti inafika 3.68, ilhali densiti kamili ya alumina ni 3.98. Nimesugua kipande kimoja mpaka kikang'aa, nikakitazama kwa hadubini, nikaona vitundu vingi, vingine vikiwa na upana wa maikromita 30 au zaidi, ambavyo havikutawanyika ovyo bali vimejipanga kama mistari ya wavu. Zaidi ya hayo, baadhi ya visahani hubanduka tabaka la juu mara tu vinapotolewa kwenye kalibu. Je, nipandishe joto, niongeze shinikizo, au kosa liko mapema zaidi? Naomba mzingatie kwamba sina mashine ya kukausha tope kwa kulinyunyizia ndani ya hewa ya moto.

Moto Mkali alijibu:

Densiti ya asilimia 92 kwa alumina ni dalili kwamba moto haukutosha. Panda hadi nyuzi 1650 na ukae hapo saa 4. Vitundu vitafunga.

Mchi wa Juu alijibu:

Ndugu Moto Mkali, kwa heshima zote, ushauri huo ungefaa kama vitundu vilivyobaki vingekuwa vidogo kuliko fuwele zinazovizunguka. Vitundu vya muulizaji si vya namna hiyo. Kitundu kidogo kilichozungukwa na fuwele chache hujifunga chenyewe wakati wa kuchoma, kwa sababu atomi husafiri kupitia mipaka ya fuwele na kukijaza. Lakini kitundu chenye upana wa maikromita 30, kilichozungukwa na makumi ya fuwele zenye upana wa maikromita 2 au 3 kila moja, hakina msukumo wa kufunga, na mara nyingine hata hupanuka. Akipandisha joto kwa nyuzi 100, fuwele zitakua, vitundu vidogo vilivyokuwa vikielekea kufunga vitamezwa ndani ya fuwele hizo na kunaswa humo, na kipande kitakuwa dhaifu zaidi hata kama densiti itapanda kidogo. Ikiwa poda yake haina magnesia (oksidi ya magnesiamu) ndani yake, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Robert Coble alipokuwa General Electric nchini Marekani, inajulikana kwamba magnesia kidogo sana huzuia fuwele za alumina zisikue ovyo na kuacha vitundu nyuma. Lakini magnesia nayo haiwezi kuziba mwanya ulioachwa na kalibu.

Sasa nije kwa muulizaji. Wewe mwenyewe umeandika jawabu uliposema kwamba vitundu vimejipanga kama mistari ya wavu. Wavu huo ni mipaka ya punje zako. Punje hazikuvunjika wakati wa kushindilia. Zilikaa zikigusana, zikabonyea kidogo tu, na nafasi zilizokuwa baina yake zikabaki. Moto hauna uwezo wa kuondoa kile ambacho mchi, yaani chuma kinachobana poda ndani ya kalibu, ulishindwa kukiondoa. Punje nzuri lazima iwe na tabia mbili zinazopingana: iwe imara kiasi cha kubebwa, kuchekechwa na kumiminwa bila kurudi kuwa vumbi, na iwe laini kiasi kwamba ikifika chini ya mchi isambaratike yote, isiache hata alama ya mahali ilipokuwa. Punje zako zina tabia ya kwanza tu.

Usiniamini mimi, hakikisha mwenyewe. Chukua kisahani kibichi, kivunje katikati kwa vidole, na utazame uso wa mpasuko kwa lenzi ya mkononi, mwanga ukiwa umeinamishwa pembeni. Kama uso ni sawasawa na hafifu kama chaki, punje zilisambaratika. Kama unaona vinundu vya duara na mashimo yanayolingana navyo, kila kinundu kikiwa kimechomoka kizima kutoka upande wa pili, basi ufa umepita baina ya punje badala ya kuzikata, na hilo ndilo tatizo lako. Kipimo cha pili ni kushindilia visahani kadhaa kwa shinikizo linaloongezeka, tuseme megapaskali 25, 50, 100 na 200, na kuchora densiti dhidi ya logi ya shinikizo. Densiti huanza kupanda kwa kasi pale punje zinapoanza kusalimu amri. Kwa punje laini, hatua hiyo hupita mapema, kwenye shinikizo dogo mno. Kwa punje ngumu huchelewa. Kwa kalibu yako ya milimita 20, tani 3 ni takribani megapaskali 94, ambazo zinatosha kabisa kwa punje zilizotengenezwa vizuri. Kwa hiyo sioni sababu ya kuongeza tani.

Kwa nini punje ni ngumu? Naona sababu mbili, na zote zimo ndani ya oveni yako. Ya kwanza ni kwamba gundi imehama. Tope lililotulia kwenye trei hukauka kutoka juu na pembezoni. Maji yanapovutwa kwenda kwenye uso hubeba gundi iliyoyeyuka, na maji yakishatoka gundi hubaki pale pale. Tazama gamba lako kabla ya kulitwanga: bila shaka utaona ukingo na uso wa juu una utando unaong'aa, mgumu kuukwangua, ilhali tumbo la gamba linapukutika. Ukilitwanga, baadhi ya punje zinapata gundi asilimia 4 na nyingine karibu hazina kitu. Zile zisizo na gundi zinageuka vumbi na kuanguka chini ya chekeche. Zile ngumu zinabaki juu yake, na hizo ndizo unazozichagua. Kwa maneno mengine, chekeche lako linakuchagulia punje mbaya.

Sababu ya pili ni ukavu wenyewe. Polivinili alkoholi ikikaushwa kabisa huwa ngumu kama kioo katika joto la kawaida la chumba, kwa kuwa joto lake la kulainika liko karibu na nyuzi 70 hadi 85. Maji kidogo yakibaki ndani yake, joto hilo hushuka na gundi hulegea. Kwa hiyo usikaushe punje mpaka tone la mwisho. Nusu ya asilimia hadi asilimia moja ya maji ni rafiki yako. Njia ya pili, ambayo naipendelea kwa sababu haitegemei hali ya hewa ya siku hiyo, ni kuilainisha gundi kwa kutia polietilini glaikoli yenye uzito mdogo wa molekuli, kama ile ya 400, kwa kiasi cha robo hadi theluthi ya uzito wa gundi.

Kuhusu namna ya kukausha bila mashine, siri ni kutoliruhusu tope litulie. Anza na tope zito, kwa sababu kadiri maji yanavyokuwa machache ndivyo gundi inavyokosa cha kuibeba. Ili tope liwe zito na bado limiminike unahitaji kitawanyishi, yaani kemikali inayozuia chembe zisishikane. Amonia poliakrilati kwa kiasi cha asilimia 0.3 hadi 0.5 ya uzito wa poda hutosha kwa poda ya ukubwa huo. Epuka ile ya sodiamu, kwani sodiamu haiungui pamoja na gundi bali hubaki ndani ya alumina na kuharibu uwezo wake wa kuzuia umeme. Saga tope kwenye kinu cha mipira ya alumina kwa saa kadhaa, uvunje vibonge ambavyo poda ilikuja navyo kutoka kiwandani, na ndipo utie gundi mwishoni, ukikoroga polepole. Kisha kausha juu ya joto la wastani huku unakoroga bila kupumzika, mpaka mchanganyiko uwe kama udongo wenye unyevu, unaoshikana ukiubana kwenye kiganja lakini haukuchafui vidole. Hapo hapo, ukiwa bado mbichi, usukume upite kwenye chekeche la maikromita 500. Acha punje zikauke kidogo kwenye tabaka jembamba, zisukume tena kwenye la 250, kisha ziviringishe ndani ya chupa inayozunguka taratibu kwa dakika kumi hivi ili pembe zake zipungue. Vumbi linalopita kwenye matundu ya 75 lirudishe kwenye tope la siku nyingine. Utaona kwamba hakuna kutwanga mahali popote katika njia hii, na ni kwa makusudi: kutwanga gamba kavu huzalisha vipande vyenye ncha kali vinavyobeba ugumu wa gamba lenyewe.

Pua ya Shaba alijibu:

Naungana na Mchi wa Juu, ila naomba kuongeza neno kwa wale wanaodhani kwamba mashine ya kunyunyizia humaliza matatizo haya. Nimefanya kazi na mashine hizo, na uhamaji wa gundi tuliouona kwenye trei hutokea pia ndani ya kila tone la tope, tofauti ikiwa kwamba huisha kwa muda mfupi sana. Tone likiingia kwenye hewa ya moto, maji hukimbilia kwenye uso wake. Kama tope limetawanywa kupita kiasi, yaani chembe zote zinaogelea huru bila kushikana, maji hayo hubeba chembe na gundi pamoja, ganda gumu hujijenga nje, na tone likishashindwa kusinyaa ukuta wake huvutwa ndani upande mmoja. Matokeo yake ni punje yenye shimo katikati, umbo la kitumbua kilichobonyezwa kwa kidole gumba. Punje za namna hiyo zinamiminika vizuri na zinampendeza mnunuzi, lakini ganda lake hukataa kuvunjika na shimo lake hubaki ndani ya kipande.

Dawa yake inawashangaza wengi: hupunguzwa kitawanyishi. Tope lenye chembe zilizoanza kushikana kidogo huwa na mnato mkubwa zaidi, lakini chembe hazisafiri na maji, na punje hutoka zikiwa zimejaa. Huongezwa pia kiasi cha poda kwenye tope, na joto la hewa inayoingia hushushwa. Kwa hiyo, Ndugu Kalibu Ndogo, unapopima kitawanyishi chako usikimbilie kiwango kinachotoa tope jepesi kuliko yote. Simama kabla ya kukifikia.

Wapo pia wanaonyunyizia tope ndani ya naitrojeni ya kimiminika, matone yakaganda papo hapo, kisha barafu ikaondolewa katika ombwe bila kuyeyuka. Kwa kuwa hakuna maji yanayotembea, gundi haiwezi kuhama, na punje hutoka laini na zenye mchanganyiko sawa toka katikati hadi nje. Ni njia nzuri mno kwa zirkonia (oksidi ya zirkoniamu) yenye chembe ndogo sana, ingawa punje huwa nyepesi na kalibu huhitaji kina kirefu zaidi ili kubeba uzito uleule wa poda.

Kalibu Ndogo aliandika:

Nawashukuru sana. Nimevunja visahani vibichi kama nilivyoelekezwa, na kwa kweli vinundu vinaonekana hata bila lenzi, kila kimoja kikiwa kimechomoka kizima. Gamba la mwisho nililokuwa nimelihifadhi lina utando wa kung'aa ukingoni, kama ilivyoelezwa. Nitafuata njia ya kukoroga na kusukuma kwenye chekeche likiwa bichi. Bado naomba ufafanuzi kuhusu tabaka la juu linalobanduka, na kama gundi pamoja na glaikoli zikiongezeka nibadilishe mwendo wa kuchoma.

Mchi wa Juu alijibu:

Kubanduka kwa tabaka kuna wazazi wawili: hewa iliyonaswa na kujirudi kwa kipande. Hewa iliyokuwa baina ya punje lazima itoke kupitia mwanya mwembamba kati ya mchi na kalibu, na mchi ukishuka haraka, au vumbi likiwa jingi, hewa hubanwa ndani na kupasua kipande shinikizo linapoondolewa. Kwa hiyo shuka polepole, simama kwenye shinikizo dogo kabisa, legeza kwa muda mfupi, kisha endelea. Kujirudi ni jambo jingine. Kipande kilichoshindiliwa hutanuka kidogo kinapotoka kwenye kalibu. Sehemu iliyokwisha kutoka inatanuka huku iliyobaki ndani bado imebanwa, na ufa wa ulalo hutokea pale zinapokutana. Punje ngumu huongeza kujirudi, na shinikizo kubwa huongeza zaidi, ndiyo maana nilisita ulipouliza kuhusu kuongeza tani. Angalia pia mdomo wa kalibu yako. Kama una ncha kali ya pembe mraba, mwambie fundi wa chuma aupe mteremko mdogo sana ili kipande kitanuke taratibu. Ukitaka kupunguza msuguano, pangusa kuta za kalibu kwa asidi steariki iliyoyeyushwa kwenye ethanoli, nayo itaungua yote bila kuacha kitu. Na unapokitoa kipande, acha mchi wa juu uendelee kukigandamiza kidogo mpaka kitoke chote.

Kuhusu kuchoma, gundi hii huoza na kutoka kwa sehemu kubwa kati ya nyuzi 200 na 500. Panda nyuzi moja kwa dakika mpaka 600, kaa hapo saa moja huku hewa ikipita ndani ya tanuri, halafu unaweza kwenda nyuzi 4 au 5 kwa dakika. Kwa kisahani cha unene wa milimita 4 mwendo huo ni wa tahadhari. Ukivunja kipande kilichofika 600 tu na kukuta moyo wake una rangi ya kijivu, ujue kaboni haijatoka yote.

Jambo dogo la hesabu: densiti yako ya 2.15 ina gundi ndani yake. Ukiiondoa asilimia 2, alumina peke yake ni takribani 2.11, na ukikokotoa kutoka hapo hadi 3.68 unapata kipenyo cha milimita 16.6, sawasawa na ulichopima. Kwa hiyo vipimo vyako ni vya kuaminika, na hilo linanipa moyo wa kukushauri.

Kalibu Ndogo aliandika:

Narudi na matokeo. Densiti ya kipande kibichi imepanda kidogo tu, kutoka 2.15 hadi 2.22, na sehemu ya ongezeko hilo bila shaka ni glaikoli, jambo ambalo lilinivunja moyo mwanzoni. Hata hivyo, kwa nyuzi zilezile 1550 na saa zilezile 2, densiti ya mwisho imekuwa 3.88. Mistari ya wavu imetoweka, na visahani havibanduki tena. Kilichobaki ni vitundu vichache vya duara kamili, vya maikromita 20 hadi 40, vilivyotawanyika bila mpangilio. Je, hizo nazo ni punje?

Pua ya Shaba alijibu:

Hapana, hayo ni mapovu. Mwanya ulioachwa na punje huwa na pembe tatu au nne zilizochongoka, kwa sababu umebanwa baina ya vitu vya mviringo. Tundu la duara kamili lilikuwa hewa ndani ya tope. Polivinili alkoholi hutoa povu kwa urahisi ikikorogwa kwa nguvu. Iyeyushe kando mapema, kwa kuinyunyiza kwenye maji baridi huku ukikoroga, kisha kupasha hadi nyuzi 80 au 90 mpaka maji yawe maangavu. Iache ipoe na itulie, na ndipo uitie kwenye tope. Tone moja au mawili ya oktanoli huua povu lililobaki. Kama una pampu ya ombwe, weka tope lako chini yake kwa dakika chache kabla ya kuanza kukausha, ukitumia chombo kirefu kwa maana tope litafura kabla ya kushuka.

Kuhusu densiti ya kibichi kupanda kidogo, usivunjike moyo. Jumla ya nafasi tupu ndani ya kipande karibu haikubadilika, ila imegawanywa upya: zamani sehemu yake ilikuwa imerundikana kwenye mianya mikubwa isiyofunga, na sasa iko baina ya chembe, ambako moto unaweza kuifikia.

Mchi wa Juu aliandika:

Naongeza moja la utunzaji. Punje zenye gundi hii hubadilika kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, hivyo zile zilizoshindiliwa vizuri leo zinaweza kuwa ngumu kipindi cha ukavu au kugandia mchi kipindi cha mvua. Zihifadhi kwenye chupa iliyofungwa sawasawa, na kabla ya kuzitumia ziache siku nzima ndani ya kisanduku kilichozibwa, pamoja na bakuli la maji yaliyojazwa naitrati ya magnesiamu mpaka chumvi nyingine ikabaki chini bila kuyeyuka. Katika joto la nyuzi 25, maji hayo hushikilia unyevu wa hewa kwenye asilimia 53 hivi, na kila fungu la punje litafika kwenye kalibu likiwa na hali moja.